Sheria na Wewe: Je, Skeitibodi Imepigwa Marufuku Jijini?

SWALI: Mheshimiwa wakili, mimi ni kijana wa miaka 19 na ninaishi Kangemi. Nilijifunza kuendesha skeitibodi, yaani ubao wenye magurudumu, katika uwanja wa Shangilia, na siku hizi huitumia kwenda kazini katikati ya jiji la Nairobi kwa sababu nauli ya matatu, asubuhi na jioni, inanilemea. Mwezi uliopita, nikiwa kwenye njia ya wapita kwa miguu, maafisa wawili waliovaa sare walinisimamisha, wakasema vitu hivyo haviruhusiwi mjini, wakauchukua ubao wangu na kunitaka nitoe shilingi 2,000 ndipo niurudishiwe. Sikupewa karatasi yoyote. Je, sheria inasemaje? — K., Kangemi

JIBU: Ndugu K., Sheria ya Trafiki, yaani Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, haina kifungu chochote kinachoitaja skeitibodi kwa jina, si kwa kuiruhusu wala kwa kuikataza. Hilo ndilo jambo la kwanza kulishika, kwa kuwa Kifungu cha 50 cha Katiba kinazuia mtu kuhukumiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa kisheria wakati alipolitenda. Afisa anayekuambia kwamba kitu fulani "hakiruhusiwi" ana wajibu wa kukuonyesha sheria inayokikataza, na wewe una haki ya kumuuliza, kwa adabu na bila kupandisha sauti, ni sheria gani na ni kifungu kipi.

Hata hivyo, usikimbilie kushangilia. Sheria hiyo hiyo inafafanua chombo cha usafiri kwa upana mkubwa, kiasi cha kujumuisha mtambo au kifaa cha aina yoyote kinachokokotwa au kusukumwa barabarani kwa nguvu za mnyama, za mashine, za umeme au nguvu nyingine yoyote. Mwendesha mashtaka mwerevu anaweza kudai kwamba mguu wako ni "nguvu nyingine yoyote". Wakili wako naye atajibu kwamba sheria haikukusudia kumgeuza kila mwenye magurudumu chini ya viatu kuwa dereva, la sivyo hata mzazi anayesukuma kigari cha mtoto angekuwa dereva. Mimi naegemea upande wa pili, lakini ukweli ni kwamba mbele ya sheria zetu mwenye skeitibodi ni kama popo: si ndege kamili, si mnyama kamili. Kwa hiyo, badala ya kung'ang'ania jina, angalia unachofanya na mahali unapokifanyia.

Kwenye njia ya miguu, kama zile zilizotandikwa upya kwa kabro katikati ya jiji katika miaka ya karibuni, uko mahali salama zaidi kisheria na kimwili. Kosa la kuendesha juu ya njia ya miguu lililoongezwa mwaka 2012 liliwalenga wenye magari na pikipiki wanaopanda huko ili kukwepa msongamano, na ubao unaosukumwa kwa mguu si gari la mashine. Lakini njia hiyo ni ya mama mwenye mzigo, ya mzee mwenye bakora na ya asiyeona kabla ya kuwa yako. Ukimgonga mtu kwa kwenda kasi, anaweza kukudai fidia kwa uzembe, na sheria itakupima kwa kipimo cha mtu mwangalifu, si kwa kipimo cha ustadi wako. Palipo na umati, shuka ubebe ubao mkononi.

Barabarani penyewe, kati ya magari, sikushauri. Mtu aendaye kwa miguu anayezuia magari kwa makusudi anatenda kosa, nalo limo katika orodha ya makosa madogo ya trafiki ya mwaka 2016, ambamo faini yake ni shilingi 500. Kujishikiza kwenye matatu inayotembea ili ikuvute ni kosa pia, na sitapoteza wino kueleza hatari yake. Kwa kuwa unatokea upande wa Waiyaki Way, nikukumbushe kwamba ile barabara ya juu ya kulipia, kutoka Westlands hadi Mlolongo, imefungwa kwa wanaotembea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda, hivyo usidhani kuna mwanya wako humo.

Serikali ya kaunti nayo ina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti usimamizi wa barabara zake, wa trafiki na maegesho, pamoja na udhibiti wa kero kwa umma. Inaweza basi kutunga sheria inayogusa michezo mitaani, na askari wake, tuliozoea kuwaita kanjo, wakaitekeleza. Ila Kifungu cha 199 kinasema kwamba sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Agizo la mdomo lililotolewa ofisini asubuhi halitoshi.

Sasa tuje kwenye ubao wako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakulinda dhidi ya kupokonywa mali yako ovyo, na Kifungu cha 40 kinalinda haki yako ya kuimiliki. Afisa anayeuchukua kwa sababu halali huuchukua kama kielelezo cha kesi, na kesi ina mshtakiwa, ina shtaka na ina kumbukumbu. Kama umekamatwa, Kifungu cha 49 kinataka uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Uruhusiwe kuwasiliana na wakili. Na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama. Tena, kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita halikuweki rumande. Kilichokupata wewe hakifanani na lolote kati ya hayo: hukushtakiwa, hukuandikiwa, ulitajiwa bei tu. Nadhani wewe mwenyewe unajua jina la kitu hicho.

Andika tarehe, saa, mahali, na namba za utambulisho za maafisa hao kama uliziona. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali pa tukio, uandikishe malalamiko yako katika kitabu cha matukio na upewe namba ya OB. Ikiwa walikuwa polisi, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuchunguza mienendo yao. Ikiwa walikuwa askari wa kaunti, iandikie kaunti yenyewe, na nakala uipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala. Suala la pesa ni la EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Usilipe chochote bila risiti rasmi, hata ukiuhurumia ubao wako kiasi gani.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11. Alikuwa akicheza na skeitibodi ndani ya mtaa wetu wenye lango, akakwaruza gari la jirani. Jirani ameshikilia ubao na anatishia kumpeleka mtoto polisi. — Mama wa Donholm

JIBU: Pole sana, mama. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, kwa hiyo tishio la polisi halina mashiko. Dai la fidia ni jambo jingine. Mzazi halipi kwa sababu tu ni mzazi. Hulipa iwapo itathibitishwa kwamba yeye mwenyewe alizembea kumsimamia mtoto, kwa mfano kumwacha acheze katikati ya magari yaliyoegeshwa baada ya kuonywa. Jirani akitaka, anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, lakini hana haki ya kuushikilia ubao kama rehani. Ningekuwa wewe, ningemwendea nikiwa na makadirio ya fundi wa rangi, tukazungumza kijirani. Angalia pia kanuni za mtaa wenu, kwa sababu ndani ya lango kamati ya wakazi inaweza kuweka mahali na saa za michezo.

SWALI: Nataka kuagiza skeitibodi ya umeme. Je, nitahitaji leseni? — Msomaji, South B

JIBU: Hapa tahadhari ni kubwa zaidi. Sheria ya Trafiki huhesabu kuwa gari chombo chochote kinachoendeshwa kwa nguvu za mashine, isipokuwa kile kinachopita kwenye reli, kinachotegemea nyaya za umeme za juu au kilichoondolewa kwa kanuni, na udogo wa mota si kinga. Chombo kikihesabiwa kuwa gari, hufuatwa na usajili, leseni ya dereva na bima ya kufidia watu wengine chini ya Sura ya 405. Andikia NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, barua kabla ya kulipia mzigo, ukieleza nguvu ya mota na kasi yake, na uhifadhi jibu lao. Hadi upate jibu hilo, endesha ubao huo kwenye uwanja wa watu binafsi, kwa idhini ya mwenyewe.