Barua kwa mwanangu: fremu mbili za Anne Coates

Mwanangu Neema,

Salamu. Ujumbe wako nimeupata, na maswali yako yote mawili nimeyasoma. La kwanza, kama filamu ni ya mwongozaji, mhariri anaacha alama gani ndani yake? La pili, yule mhariri Mwingereza Anne Coates, ambaye jina lake lilikuwa bado linaandikwa kwenye filamu akiwa na miaka 89, alidumuje katika kazi hii? Mimi nayaona kama swali moja, kwa sababu kilichomdumisha ndicho hicho hicho alichokiacha ndani ya filamu za watu.

Alizaliwa Reigate, kusini mwa London, Desemba 1925. Alipenda farasi kwanza, sinema ikaja baadaye, na kabla ya kuingia huko alikuwa nesi katika hospitali ya East Grinstead, ambako daktari Archibald McIndoe alikuwa akiwatengeneza upya nyuso marubani walioungua vitani. Mjomba wake, J. Arthur Rank, alikuwa na nguvu kubwa katika sinema ya Uingereza na pia Mmethodisti wa dhati. Badala ya kumpeleka studio kubwa, alimwingiza kwenye upande wa filamu za dini. Kazi yake huko ilikuwa kurekebisha mikanda iliyorudi makanisani imechanika, na kuituma tena.

Usiidharau kazi hiyo. Mkanda wa milimita 35 una fremu 16, yaani picha moja moja zilizopangwa juu yake, katika kila futi, na sekunde moja inakula fremu 24, kwa hiyo dakika moja ni futi 90. Mtu anayeshika mkanda kutwa nzima huacha kuuona muda kama saa ya ukutani, anauona kama urefu kati ya vidole viwili. Halafu kuna kuunga. Kwa gundi ya majimaji, unakwangua ukingo wa kipande kimoja, unalaza cha pili juu yake, unabana, unasubiri. Usipokwangua vizuri, kiungo kinaachia kwenye projekta. Ukikwangua kupita kiasi, kinakatika. Na kila ukibandua kiungo ili ubadili mawazo, unapoteza fremu. Ndiyo maana wahariri wa enzi ile walifikiri kwanza, ndipo wakakata.

Baadaye alihamia studio za Pinewood kama msaidizi, akawa miongoni mwa wasaidizi wa uhariri katika The Red Shoes ya 1948, na filamu ya kwanza aliyoihariri mwenyewe ni The Pickwick Papers ya 1952. Usaidizi ulikuwa na taratibu ngumu. Picha na sauti zilikuja kwenye mikanda miwili tofauti. Msaidizi alitafuta fremu ambayo mbao za klapa zinagusana, akatafuta mlio wake kwenye mkanda wa sauti, akazifunga pamoja, kisha mikanda yote miwili ikapigwa namba zilezile pembeni. Mabaki yalitundikwa juu ya pipa la kitambaa, kila kimoja na jina lake, hata kikiwa cha fremu mbili tu. Kikipotea, hukuweza tena kurudi nyuma. Wewe una kitufe cha kutengua. Wao walikuwa na msaidizi makini.

Sasa nije kwenye filamu ya Lawrence of Arabia, iliyoongozwa na David Lean, maana ndiyo inayojibu swali lako. Lean alikuwa mhariri kabla hajawa mwongozaji, na mtu wa namna hiyo haridhiki kirahisi. Coates alisikia kwamba Lean anapiga picha za majaribio na mwigizaji Albert Finney, akaomba azihariri hizo tu. Lean alipozitazama alisema mbele ya watu kwamba zimekatwa kama vile ambavyo yeye mwenyewe angezikata. Kazi akaipata hapo. Finney aliondoka, Peter O'Toole akaingia, na kamera zikaenda Jordan, Hispania na Moroko.

Unalijua lile tukio la kiberiti: Lawrence yuko ofisini Cairo, anakipuliza kijiti, na papo hapo tunaona upeo wa jangwa jekundu, jua halijachomoza. Kwenye mswada haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwamba picha ya ofisi ififie taratibu huku ya jangwa ikijitokeza juu yake. Lakini wakati ule mfifio haukutengenezwa kwenye meza ya mhariri. Aliuchora kwa penseli ya nta juu ya mkanda wa kazi, yaani nakala ya kukatia, mstari wa mshazari kuonyesha unapoanza na unapoishia, na maabara ingeutengeneza baadaye. Kwa hiyo walipoutazama mkanda wa kazi, shoti mbili, yaani kile kipande cha ofisi na kile cha jangwa, zilikuwa zimeungwa moja kwa moja, bila kitu katikati. Wakaona kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa. Coates alikuwa tayari amemshawishi Lean atazame filamu za waongozaji vijana wa Kifaransa kama Chabrol na Truffaut, waliokuwa wakiruka kutoka mahali hadi mahali bila kumwandaa mtazamaji. Lean akamwambia aende akaukamilishe mkato huo. Akaondoa fremu mbili.

Fremu mbili ni sehemu moja ya 12 ya sekunde. Hakuna mtazamaji atakayekwambia amezikosa. Lakini zikibaki, jicho linapata nafasi ya kumalizia tendo lililopita kabla ya kupokea jipya, na pumzi ya mtu haiwi tena ndiyo iliyofungua jangwa. Alama ya mhariri, mwanangu, ni hiyo. Mwongozaji alikuwa na kijiti, jangwa na mwigizaji. Mahali hasa pa kuachana navyo aliyepapata ni Coates.

Tazama pia Omar Sharif anavyojitokeza kwenye mazigazi, kinukta kinachokua hadi kuwa mtu juu ya ngamia. Shoti hiyo ilikuwa ndefu zaidi kabla ya kupunguzwa, na baadaye Lean alijuta kuipunguza. Kosa la kawaida la vyumba vya uhariri ni hilo: umeitazama shoti mara nyingi, imekuchosha wewe, ukadhani itamchosha na mgeni.

Muda haukuwa upande wao. Onyesho la kwanza lilikuwa London tarehe 10 Desemba 1962, miezi michache tu baada ya kamera kuzimwa. Filamu ilikuwa na dakika 222. Kwa hesabu ya futi 90 kwa dakika, hizo ni karibu futi 20,000 za milimita 35, kama kilomita 6. Akapata Oscar ya uhariri. Kisha filamu ikapunguzwa na kupunguzwa tena, hadi dakika 187. Ilipofanyiwa ukarabati mwishoni mwa miaka ya 1980, Lean na Coates walirudi mezani. Vipande vingine vilikuwa vimepoteza sauti, waigizaji wakaitwa kuyasema upya maneno yao wakiwa wazee, na Jack Hawkins alikuwa amekwisha kufa, hivyo Charles Gray akamsemea. Kwa hiyo tunza vyanzo vyako, picha na sauti, katika diski mbili zisizokaa nyumba moja.

Kuhusu kudumu. Katika The Elephant Man ya 1980, iliyoongozwa na David Lynch, uso wa mgonjwa unafichwa kwa muda mrefu, na mhariri anakaa kwenye uso wa daktari hadi chozi linatoka. Subira tupu. Miaka 18 baadaye, katika Out of Sight ya Steven Soderbergh, George Clooney na Jennifer Lopez wanazungumza kwenye baa, na maneno yao yanaendelea huku picha tayari ziko chumbani, baadhi zikigandishwa kwa kitambo. Ungeapa wahariri ni wawili. Hakubeba mtindo mmoja kutoka kwa Lean akaubandika kwa wengine, na kwa maoni yangu hilo lilimdumisha kuliko tuzo. Filamu zote hizo mbili zilimpa uteuzi wa Oscar. Hata kompyuta zilipoingia aliendelea, na 2015 alikuwa mmoja wa wahariri watatu wa Fifty Shades of Grey. Oscar ya heshima alipewa Novemba 2016, akafariki Mei 2018. Najua pia unachokiogopa bila kukiandika: alilea watoto watatu. Bintiye Emma Hickox ni mhariri, na kaka zake wawili wakawa waongozaji.

Sasa ile filamu yenu ya dakika 20. Huko kwetu wengi mnapiga fremu 25 kwa sekunde, basi fremu mbili zako ni karibu kitu kilekile. Kama kuna picha za simu, zibadilishe kwanza ziwe na kasi moja isiyobadilika, la sivyo sauti itaanza kuachana na midomo kadiri shoti inavyoendelea. Ondoa mififio yote mliyoweka, kila moja, uone mkato mtupu. Rudisha ile tu ambayo bila yake hueleweki. Zima muziki. Kila mkato usiokuridhisha, ondoa fremu mbili mwishoni mwa shoti ya kwanza, uutazame kwa kasi ya kawaida kuanzia sekunde 10 nyuma, si kwa kuburuta na kipanya. Kisha zirudishe, uondoe mbili mwanzoni mwa shoti ya pili. Andika kwenye karatasi ipi imekufaa na kwa nini.

Nitumie toleo hilo lisilo na muziki, lenye namba za muda zinazosomeka juu ya picha, ili nikikuandikia nikutajie fremu yenyewe.

Baba yako