Maswali yenu: Ushefu wa makofi

SWALI: Jambo mama. Mie niko mama wa watoto watatu, naishi Kampemba hapa Lubumbashi, miaka tisa natumika kwenye kampuni ya kupitisha mizigo, kazi ya makaratasi ya duane (forodha). Mwezi uliopita bosi akaniita mbele ya wote, akasema huyu ndiye shefu wenu sasa pale mpakani Kasumbalesa, watu wakapiga makofi, fanta zikatoka. Ila mshahara ni uleule, na karatasi za benki bado anasaini mwenzangu mwanamume, yule nilimfundisha mwenyewe kujaza deklarasyo! Nyumbani nako bwana yangu anasema mwanamke aliyeolewa hasaini kontra bila ruhusa ya bwana, eti ni sheria. Nifanye je?
Mama Watatu

JIBU: Mama Watatu, tuanze na bwana, hiyo nyepesi. Hajatunga uongo, amechelewa tu. Sheria ya familia ya 1987, kifungu 448, kweli ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa karatasi za namna hiyo. Mwezi wa saba 2016 ikageuzwa, ruhusa ikafutwa, siku hizi bibi na bwana wanatakiwa wapatane, wote wawili, maana yake hata yeye akienda kuchukua mkopo aongee na wewe kwanza (hiyo najua hakukuambia), na wakishindwana kabisa wanaenda tribunali de pe, ile mahakama ya amani. Mwambie polepole, bukari ikishaliwa, siyo mbele ya mashemeji.

Sasa kazini, ndipo penye uzito. Watu watakutuliza na majina makubwa, Judith Suminwa waziri mkuu wa Kongo yetu tangu 2024, na Benki Kuu ilipata gavana wa kwanza mwanamke 2021, mama Malangu Kabedi. Sawa, nami nilifurahi, lakini wale waliteuliwa kwa ordonansi, amri ya Rais ya maandishi, yenye jina na cheo, wewe ulipewa fanta. Lori likikwama mpakani siku nne, mteja atamlilia nani? Wewe. Na pesa ya kulikwamua anatoa nani? Yule mwingine. Hapo uko shefu wa lawama tu mama.

Omba barua. Iandikwe cheo, mshahara mpya na tarehe unapoanza, nani anakuripotia, na kwamba sahihi yako inapelekwa benki. Usiombe kwa mdomo koridoni, peleka yako imeandikwa, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi, kopi ikae nyumbani siyo kwenye droo ya biro. Bosi akisema "tutaona", muulize siku gani.