Jibu: kitambaa cha dari ya gari kinaanguka tena

Ndugu, unauliza kwa nini dari ya gari imening'inia tena wiki mbili baada ya kuipuliza gundi. Nadhani ulipuliza juu ya sponji ya zamani. Ule unga wa rangi ya chungwa, yaani sponji iliyooza, lazima uusugue wote kwa brosi mpaka ubao wa dari uonekane. Na hapa Goma kuna vumbi letu la volkano, gundi itashika vumbi, si dari.

Puliza gundi pande zote mbili, ubao na kitambaa, kisha ngoja. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata bila kubaki kwenye ngozi, bandika kuanzia katikati. Ukikosea, hakuna kurudisha. Chukua gundi ya kuvumilia joto. Milango wazi, mbabula (jiko la makaa) mbali: mvuke wa gundi unawaka.