Desturi ya mababa humfunga mtoto
Je, desturi ya mababa wa Kiyahudi humfunga mtoto wao? Ndiyo, inamfunga, hata kama Torati yenyewe haikukataza jambo linalohusika: Myahudi wa Kiashkenazi (mwenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) aliyerithi mwiko wa kutokula wali na maharage wakati wa Pasaka hawezi kuuacha kwa sababu tu jirani yake Msefaradi (Myahudi mwenye asili ya Hispania na Ureno) anavila bila hatia.

Msingi wake umo katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, kitabu cha Pesachim, karatasi ya 50. Watu wa Beth-sheani walikuwa na desturi ya kutosafiri Ijumaa kutoka Tiro kwenda soko la Sidoni, ili wasije wakachelewa maandalizi ya Sabato. Watoto wao walimwendea Rabi Yohanan wakalalamika kwamba baba zao walikuwa na uwezo wa kuikosa siku hiyo ya soko, lakini wao hawana. Aliwajibu kwamba baba zao wamekwisha kujifunga, akawasomea Mithali 1:8, kuhusu kusikiliza mafundisho ya baba na kutoiacha sheria ya mama. Kwa maoni yangu hoja ya watoto ilikuwa nzito, maana ilihusu riziki, na ndiyo maana jibu lile lina uzito mkubwa.

Hata hivyo, desturi iliyozuka kwa kosa haina nguvu hiyo, na anayehamia kwa kudumu mji wenye desturi nyingine kwa kawaida hufuata ya huko. Wayahudi wa Marekani wa tawi la Wahafidhina (Conservative) waliuruhusu wali huo mwaka 2015. Wayahudi Waothodoksi wa Kiashkenazi, wa tawi linaloshika sheria za kale kwa ukali zaidi, wameendelea kuukataza.