Maswali ya Wasomaji: Bonde, Ukame na Mfuko Mtupu

Tangu mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, na masika ya 2024 yaliyozamisha mashamba ya Rufiji na vibanda vya Mathare, Nairobi, barua nyingi zinazotufikia zinahusu hali ya hewa. Wachache wanauliza kwa nini dunia inapata joto. Wengi wanauliza kuhusu kodi ya chumba, mbegu, mbuzi na maji ya kunywa. Tunajibu sita.

Ninapanga chumba kimoja Kigogo, jirani na mto Msimbazi. Masika iliyopita maji yalifika usawa wa kitanda. Kila mtu ananiambia nihame, lakini huko juu wanataka kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali. Ninashona nguo. Nifanye nini kabla ya mvua?
*Mama Wawili, Dar es Salaam*

Mama, wanaokwambia uhame hawajakupigia hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 300,000, dalali 50,000, na bado hujalipa kirikuu cha kubeba vyombo wala nauli ya kila siku kuwafuata wateja uliowaacha bondeni. Bonde ni rahisi kwa sababu maji yanaingia, na ndiyo maana asiye na akiba ndiye anayeishia huko. Ukipata nafasi ya kuhama, hama. Kwa sasa, tufanye yanayowezekana.

Anza na ukuta. Chora mstari maji yalipofika, kisha ongeza nusu mita: chochote usichotaka kulowa kikae juu ya hapo. Watu huinua kitanda kwa matofali, lakini tofali moja moja kila mguu halikupi zaidi ya sentimita 15 au 20, na matofali yaliyopangwa marefu huanguka maji yakianza kusukuma. Rafu ya mbao iliyopigiliwa chini ya kenchi ni bora zaidi. Cherehani usihangaike nayo nzima. Kichwa hufunguka kwenye meza yake, kwa hiyo jifunze kukitoa leo mchana, uweze kukitoa usiku gizani. Meza na miguu ikilowa itakauka. Kichwa kikiingia tope, fundi atakula faida yako ya mwezi.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho na mkataba wa kupanga vitie kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, hewa ikiwa imetolewa. Vipige picha na umtumie ndugu wa mbali. Mtaji usikae chini ya godoro. Uwe kwenye simu.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: Msimbazi huanzia vilima vya Pugu. Kigogo kunaweza kuwa kukavu na mto ukajaa kwa mvua iliyonyesha juu huko. Usisubiri mvua ya kwako. Mwombe mtu wa upande wa Pugu akupigie ikinyesha sana, na ukubaliane mapema na mwenyeji wa juu kwamba watoto watalala kwake. Maji yakianza kupanda kuelekea mlango, zima swichi kuu ya umeme ukiwa mkavu. Ukichelewa na tayari umesimama majini, usiiguse. Usivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na chini ya maji hayo huoni kama mfuniko wa mtaro bado upo.

Maji yakishuka, kwangua tope lingali bichi, maana likikauka hushika ukutani na sakafuni na kuliondoa ni kazi nyingine. Godoro la sponji lililonywa maji ya choo litupe, hata kama inauma. Usiwashe umeme mpaka fundi akague soketi. Na serikali ya mtaa ikiandika orodha ya waathirika, hakikisha jina lako limo wewe mpangaji, si la mwenye nyumba peke yake. Orodha nyingi huanza na wamiliki. Hata nyumba zikibomolewa kwa sababu ziko ndani ya mita 60 za mto, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda, fidia ikilipwa mara nyingi humfuata mwenye nyumba. Mpangaji hubaki na virago vyake.

Mvua ikinyesha majirani hutapisha vyoo, na kisima chetu kiko bondeni. Dawa ya maji niweke kiasi gani? Kuni na mkaa ni ghali, siwezi kuchemsha kila siku.
*Msomaji, Tandale*

Kutapisha choo wakati wa mvua ni kosa, lakini ukiuliza bei ya gari la kunyonya maji taka utaelewa kwa nini linafanyika. Wewe chukulia kwamba kisima kimeshachafuka.

Chuja kwanza. Tumia khanga kuukuu safi iliyokunjwa mara nne, uache maji yatulie, kisha umimine ya juu polepole. Klorini ikikutana na tope huishia kwenye tope, vijidudu vikabaki. Ukiwa na vidonge, soma paketi: kuna vya ndoo ya lita 20 na vidogo zaidi, na kuvichanganya ndiyo hitilafu tunayoisikia sana. Ukiwa na dawa ya kufanyia nguo nyeupe tu, ile watu waitayo jiki, hakikisha haina manukato wala sabuni. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, nusu kijiko cha chai (mililita 2.5) inatosha lita 20 za maji yaliyochujwa. Koroga, funika, subiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Isiposikika kabisa, rudia kipimo hichohicho mara moja. Chupa iliyokaa juani au iliyofunguliwa miezi mingi imepoteza nguvu.

Mtu akianza kuharisha maji yanayofanana na maji ya mchele, mpe ORS, ile dawa ya paketi ya kurudisha maji mwilini, njiani kuelekea kituo cha afya. Usimsubirishe nyumbani uone kama itakata. Paketi isipokuwepo: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa mkono. Mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14, kadiri mhudumu atakavyoelekeza.

Huku Bahi mvua huanza vizuri Desemba, halafu hukata Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Miaka mitatu sasa ninavuna mabua. Sina hela ya pampu.
*Mkulima, Dodoma*

Mbinu yenyewe iko mkoani kwako. Wakulima wa kijiji cha Chololo walibuni mashimo madogo yanayokusanya maji, na mashimo hayo yanajulikana kwa jina la kijiji hicho. Hayataki pampu. Yanataka jembe na mgongo.

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kati ya shimo na shimo acha sentimita 60, kati ya mstari na mstari sentimita 90. Mistari ikate mteremko, isiufuate. Ukiifuatisha mteremko unakuwa umechimba mfereji wa kupeleka udongo wako kwa jirani. Udongo uliotoa uzungushie upande wa chini uwe kijituta. Ndani tia jivu kidogo kufukuza mchwa, kisha samadi iliyooza, kiasi cha kujaza viganja viwili, na mabua yaliyokatwakatwa, halafu rudishia udongo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanalijaza shimo mpaka juu. Liache na nafasi ya sentimita kumi hivi ili maji yasimame. Samadi mbichi pia usitie, inaunguza miche. Na kama shamba ni mbuga ya udongo mzito unaotuamisha maji, mbinu hii si ya hapo, mizizi itaoza.

Ekari moja huchukua mashimo kama 7,500. Ni mengi. Anza na robo ekari, mashimo 1,900 hivi, uchimbe kiangazi wakati kazi ni chache. Mashimo hayo utayatumia tena msimu ujao, kwa hiyo jasho kubwa ni la mwaka wa kwanza.

Mbegu nayo. Februari ikiwa ndiyo mwezi unaokupiga, usipande zao linalotoa maua Februari shamba zima. Gawa: sehemu kubwa iwe mtama wa muda mfupi kama Macia, ambao hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne na huvumilia kiu kuliko mahindi. Ukitaka mahindi, tafuta ya muda mfupi, na nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mtama mweupe una adui yake, ndege kwelea kwelea, na dawa ya mnyonge ni kupanda wiki moja na majirani. Shamba lililokomaa peke yake ndilo linalomalizwa.

Usipande kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi na upime kwa rula. Ukipata milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, na ukichimba ukakuta unyevu umeshuka sentimita 20 au zaidi, panda. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usikilize, lakini uelewe unasema nini. “Juu ya wastani” maana yake ni kwamba uwezekano umeelemea huko, kwa jumla ya msimu mzima. Msimu wa juu ya wastani unaweza kabisa kuwa na wiki tatu kavu katikati.

Nina ng'ombe kumi na mbuzi ishirini. Mvua za Oktoba zikikosa, niuze lini? Mara ya mwisho nilingoja, nikauza wakiwa mifupa.
*Mfugaji, Kajiado*

Mzee, hukuwa peke yako. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa Kenya pekee. Kila mtu akipeleka ng'ombe sokoni wiki moja, bei ya ng'ombe huporomoka huku ya mahindi ikipanda.

Jiwekee tarehe sasa, ukiwa na akili tulivu. Katikati ya Novemba ikifika bila mvua ya maana, uza madume yaliyohasiwa na majike makongwe wangali na nyama. Baki na mitamba, na majike ambao umeona mwenyewe wanavyozaa na kunyonyesha. Mbuzi waache zaidi, maana hula majani ya vichaka na huzaa upesi mvua ikirudi. Fedha igeuze mahindi ya kula, karo na nyasi kavu kabla bei haijapanda.

Nyasi zipigie hesabu kabla ya kujidanganya. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 7 kavu kwa siku. Kumi ni kilo 70, marobota matano hivi ya kilo 14. Siku 90 ni marobota 450. Wanne unaweza kuwavusha. Kumi, kwa kweli, hapana.

Kuhusu bima ya mifugo, iliyoanza Marsabit mwaka 2010: hailipi kwa ng'ombe aliyekufa. Setilaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo zima, na ukishuka chini ya kiwango, walipwa wote waliokata bima. Kwa hiyo bonde lako laweza kukauka huku eneo likisomeka la kijani kwa vichaka visivyoliwa, usipate kitu. Uliza eneo lako la kipimo lina mipaka gani na malipo hutoka mwezi gani. Yakija baada ya mizoga, hayakusaidii.

Mchungaji wetu alisema ni sisi wachoma mkaa tulioleta ukame. Ni kweli?
*Msomaji, Kisarawe*

Si kweli kwa sehemu kubwa. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa inayotoka duniani kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mzigo mkubwa ni wa nchi za viwanda. Ila kilima kilichokatwa miti hakinywi maji, na mvua ileile hushuka bondeni haraka zaidi. Hilo ni letu.

Kikoba chetu kina mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Mafuriko yalipokuja uliisha siku moja, watu wakagombana. Tulikosea wapi?
*Katibu wa kikoba, Magomeni*

Mfuko wa jamii umejengwa kwa balaa linalobisha nyumba moja moja. Mafuriko hubisha zote usiku mmoja. Chukua mfano: wanachama 25 wakitoa 1,000 kila wiki, mwaka mzima ni 1,300,000. Nyumba 18 zikiingia maji, kila moja hupata 72,000 na kidogo, na mwenye msiba wiki inayofuata hakuti kitu.

Tengeni mfuko wa pili, hata wa 500 kwa wiki, usioguswa ila kwa mafuriko. Andikeni kwenye katiba nani anaanza. Sisi tungeanza na vitendea kazi, yaani jiko la mama lishe, kichwa cha cherehani, toroli, kwa sababu mwanachama anayefanya kazi ndiye anayerudisha mkopo. Andikeni pia kwamba marejesho yanasimama wiki nne bila faini. Bila kipengele hicho, watu huuza vyombo kwa bei ya kutupa ili wakwepe aibu ya kikao. Na mkopo wa nje wenye riba ya kila wiki, usiwe ndiyo njia ya kwanza.

Mwisho, sanduku lenyewe la fedha na vitabu vya kikoba. Kufuli tatu hazizuii maji. Kabla ya Machi lihamishieni kwa mwanachama anayeishi juu, na kila baada ya kikao pigeni picha kurasa za vitabu vya wanachama zenye mihuri ya hisa, wabaki nazo watu wawili wasioishi mtaa mmoja.