Alf Common, mchezaji wa pauni 1,000: maswali na majibu

Je, ni kweli kwamba mchezaji wa kwanza kununuliwa kwa pauni 1,000 alikuwa Mwingereza, na fedha hizo zilizaa nini?

Ni kweli. Mwezi Februari 1905 Middlesbrough, waliokuwa wakichungulia shimo la kushuka daraja, walimnunua mshambuliaji Alf Common kutoka kwa jirani zao Sunderland kwa bei hiyo, ilhali mwaka uliotangulia Sunderland walikuwa wamemnunua kutoka Sheffield United kwa pauni 520 tu. Wengi walikereka, wakiona kwamba sasa binadamu anauzwa kama bidhaa. Mechi yake ya kwanza, tarehe 25 Februari, ilikuwa ugenini dhidi ya Sheffield United haohao. Ilipopatikana penalti aliipiga yeye, akafunga, na mchezo ukaisha 1-0. Middlesbrough walikuwa hawajashinda ugenini kwa karibu miaka miwili. Msimu ulipomalizika hawakushuka, nami naona bei ilikuwa imekwisha kurudi.

Yeye mwenyewe aliambulia kiasi gani?

Kidogo mno. Tangu 1901 kanuni zilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, kwa hiyo ada ile ingetosha kumlipa mshahara wa wiki 250, yaani karibu miaka mitano, lakini iliingia katika hazina ya klabu iliyomuuza. Isitoshe, klabu ilishikilia usajili wa mchezaji hata baada ya mkataba kwisha, asiweze kwenda klabu nyingine ya ligi bila ridhaa ya klabu hiyo. Mwaka 1908 Chama cha Soka cha Uingereza kilijaribu kuweka kikomo cha pauni 350 kwa uhamisho mmoja. Kikomo hicho hakikudumu hata mwaka.

Alikuwa na kipaji, au alivuma kwa sababu ya bei tu?

Alikuwa nacho. Mwaka 1902 alifunga katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Southampton, iliyokwisha 1-1 kabla ya Sheffield United kushinda mechi ya marudiano, na aliichezea timu ya taifa mara tatu akafunga mabao mawili. Hakuwa mrefu, ila alikuwa na kifua na uzito wa kuwasumbua mabeki.

Alimalizia wapi?

Alihamia Woolwich Arsenal mwaka 1910, kisha Preston North End, ambao alitwaa nao ubingwa wa Daraja la Pili mwaka 1913. Alistaafu mwaka 1914, akaendesha baa mjini Darlington, na alifariki mwaka 1946.