Saa 180 kwa mwaka zinamtosha vipi rubani wa ndege vita?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa basi, Mtwara–Dar, nakaa Mikindani. Nimesoma kwamba rubani wa ndege vita huko Ulaya huruka saa 180 tu kwa mwaka, tena nyingine anazihesabu akiwa ameketi ndani ya chumba, kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka. Saa hizo mimi nazimaliza kwa safari kumi na nane. Mkono wake haushiki kutu? Halafu mwanangu anashinda kwenye mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Unamsaidia, au nimnyang'anye?

JIBU: Marahaba, Dereva. Saa 180 ndicho kiwango ambacho nchi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa Ulaya na Amerika Kaskazini, zimejiwekea, na Ujerumani, kwa mfano, huruhusu 40 kati ya hizo zifanyike kwenye simuleta. Hesabu yako iko sawa. Ila saa yako na saa yake hazilingani.

Ukishatoka stendi kuna vipande virefu ambapo mikono inaendesha yenyewe huku unapiga soga na konda. Rubani wa ndege vita anaruka saa moja, moja na nusu, na humo hakuna kipande cha soga. Kabla ya kupanda amepanga safari kwa saa kadhaa. Akishatua, wanakaa na wenzake kutazama rekodi: hapa ulichelewa kugeuka, hapa ulimpoteza mwenzako. Mara nyingi kikao hicho huwa kirefu kuliko safari. Kwa hiyo saa 180 zinakula zaidi ya siku 100 za kazi.

Mimi lakini jumla ya saa hainitishi kama swali la "mara ya mwisho lini?" Ujuzi wa kuruka unachakaa vipande vipande: kutua usiku, kutua kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege bila kuona nje, kujaza mafuta angani, kuruka bega kwa bega na ndege nyingine. Kila kipande kina muda wake, na ukipita, rubani anarudi kwa mwalimu kwanza. Hata sisi wa ndege za abiria tunabanwa: rubani mkuu ambaye hajaruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 harushi abiria, ingawa mara hizo anaweza kuzipata kwenye simuleta iliyoidhinishwa.

Niliwahi kurudi kazini baada ya likizo ya wiki sita, nikaja kutua hapa Mtwara mwezi wa saba, kusi linanisukuma ubavuni. Kikanuni sikuwa na kosa. Mguu ukachelewa kukanyaga pedali, nusu sekunde hivi, tukagusa lami upande upande. Abiria wakashuka wanacheka na simu zao. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nalifikiria jambo ambalo zamani mguu ulilifanya bila kuniuliza.

Sasa simuleta. Mashine hii ilianzia kwenye kiwanda cha vinanda. Edwin Link, ambaye baba yake alitengeneza piano na ogani mjini Binghamton, Marekani, aliiunda mwaka 1929 kwa pampu na mifuko ya upepo ya ogani. Mwanzoni watu waliiona pembea ya maonyesho tu. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani wake wengi hawakuzoea kuruka usiku na mawinguni. Walikufa kadhaa ndani ya wiki chache, na jeshi likanunua mashine sita za Link.

Kwa nini mawingu yaue? Wewe mvua ikikuziba macho pale Nangurukuru, unaweka basi pembeni. Angani hakuna pembeni, na sikio la ndani linakuambia uko sawa kumbe ndege inalala. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakazibwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178.

Simuleta inayotembea hulidanganya sikio hilohilo kwa makusudi. Imesimama juu ya miguu sita. Ikitaka uhisi ndege inaongeza kasi, inakulaza chali polepole huku picha mbele yako haibadiliki. Kiti kinakusukuma mgongo, ubongo unasema tunakwenda. Nimekaa nyuma ya vijana humo nikawazimia injini moja mara tu baada ya kunyanyuka. Mmoja, kwa haraka, alizima ile iliyokuwa bado inafanya kazi. Tukaanguka. Shati limemlowa mgongo mzima, na chumba kina kiyoyozi. Nikabonyeza kitufe, tukaanza upya. Huko angani kitufe hicho hakipo.

Kuna kitu lakini simuleta haikifikii. Ndege vita ikikata kona kali, uzito wa rubani huzidi hadi mara 9. Kichwa na helmeti, kilo sita hivi, vinakuwa zaidi ya 50: mfuko wa saruji ya hapa kwetu, juu ya shingo, na hapohapo ageuke atazame nyuma. Ndiyo maana simuleta nyingi za ndege vita hazitembei kabisa. Zinamzungushia picha pande zote, basi. Mwili unafundishwa kwenye mashine ya kuzungusha watu, na angani. Wahasibu wangependa nusu kwa nusu, maana mafuta ni ghali. Mimi 40 kati ya 180 naielewa; nusu kwa nusu nisingeisaini.

Kuhusu kijana, usimnyang'anye. Aweke hali ya mawingu, aruke kwa kutazama vyombo tu, na umtafutie pedali za miguu hata za mitumba. Miguu isiyo na kazi kwenye kompyuta ndiyo itakayomchelewesha siku ya kusi.